Pimbi Aliyeuvisha Nguo Ukuta wa Kifaru

Ukuta una nini?

— Una masikio.

Na masikio yana nini?

— Yana njaa.

Njaa ya nini?

— Ya uongo mtamu.

Basi sogeeni niwalishe. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sisimami.

Hapo kale, wakati wanyama walipokuwa wanasalimiana asubuhi kabla ya kulana mchana, kulikuwa na tembe. Tembe mnalijua: nyumba ndefu ya udongo, paa bapa kama chapati, kuta zimeuzunguka ua pande zote nne. Tembe hili lilijengwa na watu wa Mtemi Kashilimu, mtu aliyewaogopa majirani zake, na alikuwa na sababu. Walichukua udongo mwekundu wa kichuguu, wakauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, wakaukanyaga siku saba, kisha wakapandisha ukuta mnene, mnene hata ng'ombe angeweza kulala ndani ya unene wake na mkia usionekane.

Halafu ng'ombe wakafa kwa mbung'o, watu wakahama, Mtemi akasahaulika. Tembe likabaki. Mvua ikapiga, tembe likabaki. Jua likapiga, tembe likabaki. Na katikati ya ua wake kulikuwa na chemchemi ya maji baridi ambayo haijawahi kukauka hata siku moja.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuja kikasahau kuondoka. Mito ikawa mchanga. Mabwawa yakawa vumbi. Wanyama wakaja tembeni. Swala akaja, Nyati akaja, Nungunungu akaja, Pimbi akaja na mama yake mzee. Wakawa wanaingia mlangoni mmoja mmoja, wanakunywa, wanatoka. Hakuna aliyemsukuma mwenziwe.

Siku ya nane akaja Kifaru.

Kifaru hakupanga foleni. Aliingia, akanywa, akageuka, akakaa mlangoni. Tembe lilikuwa na mlango mmoja tu, na Kifaru aliujaza kama kizibo kinavyojaza mdomo wa kibuyu.

"Kuanzia leo maji haya ni yangu," akasema.

Swala akauliza kwa adabu, "Shikamoo, Mzee. Yamekuwa yako kwa sababu gani?"

Kifaru akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda, kwa hiyo wanyama wakakaa chini.

"Kwa sababu mimi ni mpana sawa na mlango," akasema.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Kifaru anakunywa: gubu, gubu, gubu. Kila asubuhi Kifaru anaoga: chubwi, chubwi, chubwi. Akimaliza kuoga anapenga pua humo humo, na mambo mengine pia anayafanya humo humo, sitayataja kwa sababu wengine mmetoka kula. Halafu anayasukuma maji kwa mguu mpaka kwenye tundu la chini ya ukuta, lile walilotoboa watu wa Mtemi ili maji ya mvua yatoke uani. Maji yanatoka nje, tiririri, meusi, yana povu. Wanyama wanayalamba. Na kabla ya kuyalamba lazima waseme wote kwa pamoja, "Ahsante, Mzee, kwa kutukumbuka."

Nyati akasema, "Mimi siwezi kumshukuru mtu kwa kuoga kwake."

Akarudi nyuma hatua ishirini, akakimbia, akaupiga ukuta kwa kichwa: puu. Ukuta haukusema kitu. Nyati ndiye aliyesema, lakini maneno yake siyarudii mbele ya watoto. Tangu siku hiyo pembe zake zimepinda.

Nungunungu akasema, "Mimi nitapita chini."

Akachimba siku tatu, akakuta msingi wa mawe, akarudi na kucha nusu. Wakaacha. Wakawa wanalamba na kushukuru, wanalamba na kushukuru.

Sasa, mama yake Pimbi alikuwa mzee wa meno mawili. Aliyalamba yale maji siku nne. Siku ya tano tumbo lake likavimba kama ngoma. Siku ya sita akamwambia bintiye, "Mwanangu, ninatamani maji yasiyo na ladha ya mtu."

Pimbi akaenda mlangoni. Pimbi mnamjua, ni mnyama wa mawe, mdogo kama sungura aliyekatwa masikio, mkia hana, na jina lake watu hutukania. Akapiga magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Hm," Kifaru akasema.

"Mama yangu anaumwa tumbo kwa haya maji ya kuoga. Naomba tone moja la maji safi, nimpelekee mdomoni mwangu."

"Maji yangu hayana kasoro," Kifaru akasema. "Mimi ninakaa ndani yake kila siku. Umewahi kuniona ninaumwa?"

Jioni mama yake Pimbi akafa. Wakamzika chini ya jabali lao, mkabala na tembe.

Pimbi hakupiga yowe. Alikaa juu ya jabali, akautazama ukuta. Siku ya kwanza aliutazama kwa uchungu. Siku ya pili aliutazama kwa uchungu. Siku ya tatu uchungu ukachoka, akaanza kuutazama kwa macho.

Akaona mambo mawili.

La kwanza, Kifaru kila akitoka kuoga hujigaragaza kwenye tope la pembeni mwa chemchemi, halafu huenda kujikuna ukutani. Kwaru, kwaru, kwaru. Tope linabaki ukutani, linaziba kila ufa, linakauka na kuwa laini. Ndani hufanya hivyo asubuhi. Nje hufanya hivyo jioni, akitoka kunyoosha miguu huku macho yake mabovu yakiulinda mlango. Kifaru mwenyewe hakujua, lakini kila siku alikuwa anaipiga nyumba lipu.

La pili, kule juu, mahali ambapo mgongo wa Kifaru haufiki, ukuta ulikuwa na ugonjwa. Kulikuwa na madoa ya kijivu na ya njano, yale yanayoota juu ya mawe na kuta kuukuu kama ukurutu kichwani mwa mtoto. Pimbi akapanda, akalikwangua doa moja kwa ukucha. Likabanduka, na chini yake ikabanduka na ngozi ya ukuta, vumbi jekundu likamwagika, shii. Hatua mbili mbele, ndani ya ufa mwembamba kama unywele, kulikuwa na mche wa mkuyu. Majani mawili tu. Mbegu yake ililetwa na ndege, na mnajua ndege huleta mbegu kwa njia gani. Pimbi akautikisa ule mche. Mche ukakataa. Akautikisa kwa nguvu. Mche ukakataa, na ufa ukasema: kch.

Pimbi akashuka, akaenda kunawa uso kwa vumbi, kwa sababu maji hakuna, akaenda mlangoni.

"Shikamoo, Mtemi."

Kifaru hakuwahi kuitwa Mtemi hata na mama yake. Akafungua macho yote mawili, ingawa yote mawili hayaoni mbali.

"Marahaba. Nani huyo? Naona jiwe linaongea."

"Ni mimi Pimbi, Mtemi. Nimekuja kwa jambo la aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yako, Mzee wangu. Nisamehe. Ukuta wako uko uchi."

Kifaru akageuka kuutazama ukuta. Akaona wekundu tu.

"Uchi vipi?"

"Watemi wa zamani kuta zao zilivaa," Pimbi akasema. "Juu kijani, pembeni kijivu chenye madoa ya njano, kama kitenge. Ukuta mwekundu mtupu namna hii ni wa mpangaji."

"Nani anasema mimi ni mpangaji?"

"Hakuna anayesema, Mzee. Wanacheka tu, halafu ukigeuka wananyamaza."

Kifaru akapumua kwa pua, fuuu. Akauliza, "Na nguo ya ukuta inapatikana wapi?"

"Inashonwa. Sisi pimbi ndio mafundi wake. Lakini ina sharti moja. Usijikune ukutani. Ukijikuna, unaivua nguo kabla haijaisha kushonwa."

Kifaru akafikiri, na Pimbi akakaa chini.

"Na nikiwashwa je?"

"Mtemi hawashwi, Mzee. Wanaowashwa ni raia."

Hapo Kifaru akaona kweli ya jambo lile. "Shoneni," akasema. "Lakini maji siwapi."

"Nani ameomba maji?" Pimbi akasema.

Kesho yake ukoo mzima wa pimbi ukaenda kwenye korongo, ambako mkuyu mkubwa ulikuwa umezaa hata matawi yanakaribia kugusa mchanga. Wakala makuyu. Wakala makuyu mpaka matumbo yakang'aa. Kisha wakarudi, wakapanda juu ya ukuta, wakajipanga mstari mmoja mrefu, nyuso zimetazama nje kwa heshima, na makalio yametazama kwenye nyufa.

Pi, pi, pi, pi.

"Nini hicho kinachodondoka?" Kifaru akauliza kutoka chini.

"Vifungo, Mtemi."

"Vingi."

"Nguo ya mkubwa lazima ifungwe vizuri."

Kimoja kikakosa njia, kikabingirika, kikamwangukia puani. Kifaru akakinusa.

"Kifungo hiki kina harufu."

"Ni kipya, Mzee. Kitazoea."

Wakashona siku kumi, na mvua ikakuta kazi imekwisha.

Masika yakaingia. Wanyama wakatawanyika, kila mmoja akapata kidimbwi chake, wakamsahau Kifaru, wakasahau na tembe. Pimbi peke yake hakusahau. Alikaa juu ya jabali, mvua inampiga, akiutazama ukuta. Mvua ikanyesha, mbegu ikachipua. Mvua ikanyesha, mzizi ukashuka, mwembamba kama uzi. Mvua ikanyesha, maji yakafuata njia ya mzizi mpaka ndani ya tumbo la ukuta. Udongo ukavimba. Jua likawaka, udongo ukanywea. Udongo ukinywea, ufa unapanuka. Ufa ukipanuka, mzizi unanenepa. Na yale madoa ya kijivu hayakuhitaji fundi. Yalipoona hakuna anayejikuna, yalishuka yenyewe taratibu kutoka juu, yakajitandaza ukuta mzima kama wageni waliokuja msibani na kuona chakula kipo.

Kiangazi cha pili, wanyama waliporudi, wakakuta tembe limevaa. Juu kijani, pembeni kijivu na njano. Kifaru alikuwa amesimama mlangoni, kidevu juu.

"Mnaionaje?" akauliza.

"Ahsante, Mzee, kwa kutukumbuka," wakajibu, kwa sababu ndicho walichozoea.

Lakini hali ilikuwa mbaya zaidi. Kifaru hakuruhusiwa kujikuna, na kupe hawakuambiwa habari za umtemi. Aliwashwa asubuhi, aliwashwa mchana. Dawa yake ikawa ni kuoga. Akawa anaoga mara tano kwa siku, chubwi, chubwi, na maji yaliyotoka tunduni yakawa mazito kama uji. Watoto wawili wa Swala wakaugua.

Wanyama walipopata habari nani alikuwa fundi, wakamfuata Pimbi jabalini.

"Kumbe ni wewe," Swala akasema. "Umemshonea nguo, na sasa sisi tunakunywa taka zake."

Nungunungu akasema, "Mama yako amelala chini ya jiwe hili. Aliyemuua unampamba?"

Nyati alitema mate chini, akasema, "Pimbi ni pimbi tu."

Pimbi alikuwa na jibu. Lakini alijua kwamba akimwambia Swala, Swala atamwambia mkewe, mkewe atamwambia dada yake, na jua halijazama Mlakupe atakuwa amesikia. Mlakupe ni yule ndege anayeishi mgongoni mwa Kifaru akila kupe, na macho yake ndiyo macho ya Kifaru. Kwa hiyo Pimbi akanyamaza. Wakaondoka. Hakuna aliyemsalimia tena kiangazi chote. Akaenda korongoni, akala makuyu huku machozi yanamshuka, lakini akala, kisha akapanda ukutani na kuongeza vifungo.

Masika ya pili yakaja, yakapita.

Kiangazi cha tatu, Pimbi akapanda juu ya ukuta akatega sikio. Ndani kulikuwa kunasema: ki, ki, ki. Akaingiza mkono ufani, mkono ukazama hadi begani. Akachungulia, akaona ukuta wa Mtemi Kashilimu umekuwa makapi ndani. Akarudi nyuma, akausukuma kwa miguu yake yote minne.

Ukuta haukuanguka.

Akausukuma tena. Haukuanguka. Ndipo akaona jambo ambalo hakulifikiria tangu mwanzo. Mizizi ilikuwa imeupasua ukuta, ndiyo, lakini pia ilikuwa imeuzungushia mikono, imeufunga kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Mkuyu ulikuwa umeuua ukuta na sasa unaibeba maiti yake. Kwa mtindo ule ungeweza kusimama miaka mingine kumi. Pimbi akahesabu watoto wa Swala, akajua hawana miaka kumi.

Akiwa bado anafikiri, akasikia anaitwa.

Ni kwamba Mlakupe hatimaye alikuwa amesema. Miaka miwili alinyamaza kwa sababu Kifaru asiyejikuna ana kupe wengi, na Mlakupe alinenepa hata kuruka kukawa shida. Lakini asubuhi hiyo kipande cha ukuta kilidondoka kikamkosa kidogo, na hofu ikamshinda shibe.

"Mzee," akamwambia Kifaru, "hii si nguo. Ni mkuyu. Umeota ndani ya ukuta wako na unaula. Na yale madoa yanauchuna ngozi. Na vile vifungo, Mzee, kaa chini nikuambie vilikuwa nini."

Akamwambia.

Pimbi alipofika, Kifaru alimbana chini kwa ncha ya pembe yake, pale mlangoni, mbele ya wanyama wote waliokuja kulamba. Pembe ilikuwa nzito. Pimbi alisikia mbavu zake zinaitana majina.

"Uliniambia ni nguo," Kifaru akasema.

"Ni nguo, Mzee."

"Mlakupe anasema ni mkuyu."

"Ni nguo ya mkuyu. Umeivaa misimu miwili bila kuivua. Nguo isiyovuliwa huota mwilini, hata mtoto anajua. Nitie pembe, Mzee, nimekosa. Lakini kabla sijafa ninakuomba jambo moja kama mama anavyoombwa na mtoto. Usiing'oe."

"Kwa nini nisiing'oe?"

"Utaumia. Mizizi hii si ya kila mtu kuing'oa. Mwachie Nyati, yeye ana shingo."

Nyati, aliyekuwa nyuma ya kundi, akainua kichwa. Alimtazama Pimbi chini ya ile pembe. Kisha akasema polepole, "Kweli. Mimi naweza. Mzee asijisumbue kwa umri wake."

Kifaru akaiondoa pembe juu ya Pimbi.

"Umri wa nani?" akauliza.

Mlakupe akaruka kutoka mgongoni, akatua mbele ya pua yake. "Mzee, nisikilize mimi niliyekula kwako. Usivute. Kata matawi juu, uache mizizi ife polepole humo ndani, kisha uzibe na tope. Ukivuta, unavuta na nyumba."

Huo ndio ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote uliotolewa katika ngano hii, na ulipata malipo ambayo ushauri mzuri hupata.

"Mshauri wangu ni mmoja," Kifaru akasema, "na yuko juu ya pua yangu."

Akaingiza pembe chini ya mzizi wa kwanza. Akavuta: ng'aa. Mzizi ukatoka, na ukatoka na bonge la ukuta, kama jino linavyotoka na ufizi.

"Umeona?" akamwambia Nyati.

"Nimeona," Nyati akasema. "Ule mwingine ni mnene zaidi."

Akaingiza pembe chini ya mzizi wa pili. Akavuta: ng'aa. Ukuta ukatoa sauti kama mzee anayeinuka kitini. Akayakwangua yale madoa kwa ubavu wa pembe, kwaru, kwaru, kwaru, na ilikuwa raha kwake kukwaruza baada ya misimu yote ile, akafumba macho. Madoa yakabanduka na ngozi, ngozi ikabanduka na nyama, udongo ukamwagika kama unga kwenye gunia lililotoboka.

Mlakupe akaruka juu sana.

Kifaru akaingiza pembe chini ya mzizi wa tatu, ule mama yao, uliopita kutoka kona hadi kona. Akapanga miguu. Akavuta.

Kwanza hakikutokea kitu. Halafu ukuta wa mashariki ukapiga magoti. Ukuta wa kaskazini ukauliza kuna nini, ukaanguka ukiuliza. Boriti za paa zikashuka moja moja, ko, ko, ko, na paa lote la udongo nyuma yake: gbuuu. Vumbi jekundu likapanda, likaficha jua, likakaa juu muda wa mtu kula sahani ya ugali na kulamba vidole.

Vumbi liliposhuka, Kifaru alikuwa amekaa chini, mwekundu kutoka pembe hadi mkia, mzizi bado uko puani. Hakuwa ameumia, ila kitu fulani usoni pake kilikuwa kimeanguka pamoja na nyumba. Tembe lililosimama tangu enzi za Mtemi Kashilimu lilikuwa tuta la udongo. Mbayuwayu waliokuwa na viota chini ya boriti walizunguka angani wakiita, hawana pa kutua, na ngano hii haina la kuwaambia.

Wanyama wakakimbilia katikati ya ua. Wakasimama. Hapakuwa na chemchemi. Palikuwa na rundo la udongo, kimya.

Wote wakamgeukia Pimbi.

Pimbi akalitazama lile rundo. Miaka yote miwili alifikiria jinsi ukuta utakavyoanguka. Hakuwahi kufikiria utaangukia wapi. Akakaa juu ya udongo.

Nungunungu ndiye aliyesogea. "Kucha zangu zimeota tena," akasema.

Akaanza kuchimba. Nyati akawa anasukuma mabonge kwa kile kichwa chenye pembe zilizopinda. Swala akachakura kwa kwato zake ndogo, mkewe akachakura, pimbi wote wakabeba udongo kwa vinywa. Wakachimba siku hiyo yote. Wakachimba kesho yake. Jioni ya siku ya pili Nungunungu akasema, "Ngoja," na chini ya miguu yake kikasikika kitu kidogo: pwi. Kikanyamaza. Halafu: pwi, pwi, tiririri. Maji yakatoka mekundu, yakatoka ya maziwa, yakatoka maangavu hata mawe yaliyo chini yakaonekana.

Hakuna aliyekunywa. Walisimama wakamwachia Pimbi nafasi. Nyati akasafisha koo.

"Ile siku nilitema mate," akasema.

"Nilikuona, kaka," Pimbi akasema.

"Basi."

"Basi."

Pimbi akainama, akanywa kidogo. Hayakuwa na ladha ya mtu yeyote. Akajaza mashavu, akaenda jabalini, akayamwaga pale chini, akarudi. Ndipo wakanywa wote.

Na Kifaru je? Kifaru alikaa siku tatu bila kusema. Siku ya nne akainuka, akapapasa papasa, akapata pale mlango ulipokuwa, akakaa pale pale na kutazama nje.

"Hapiti mtu," akasema.

"Sawa, Mzee," wanyama wakasema, wakapita kushoto kwake. Wengine wakapita kulia. Asubuhi wanasema "Shikamoo, Mzee," wanapita. Jioni wanasema "Usiku mwema, Mzee," wanapita. Kifaru aliulinda mlango ule kiangazi kizima, na hadi anakufa aliamini hakuna aliyepita. Tena alishangaa sana kuona hakuna anayelalamika.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo wazazi hawaitaki.

Funzo la ngano hii ni kwamba uongo haufiki mbali. Wa Pimbi ulifika misimu mitatu tu. Funzo jingine ni kuheshimu wakubwa, hasa ukiwa unapita kando yao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifaru hakuziba ufa, na ukuta hakujenga, maana hajui kujenga. Kwa hiyo wahenga waulizwe tena. Mimi nilipowauliza wanyama, waliniambia usipoziba ufa utakunywa maji.

Kwa vyovyote vile, watoto, msiende haja juu ya kuta za watu. Kama ni lazima, kuleni makuyu kwanza.

Nimeitua hapa ngano yangu, mabega yanauma. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa inanuka, fungueni dirisha.